Saa Moja ya Tuulikki

Sina pasi ya kusafiria. Ninacho kiti cha plastiki
nyuma ya duka la kaka Semboja, Barabara ya Kumi na Mbili, Tanga,
kando ya mashine ya kutoa kopi.
Intaneti yake haikatiki, naye hanidai,
mradi nimsomee barua za benki.

Hapo ndipo nilipoanza kwenda ng'ambo,
Jumanne na Alhamisi, muhula mzima.

Nyuso nne ndani ya vijisanduku, pamoja na wangu:
Nilda wa Cochabamba, na jogoo wake asiyeheshimu mhadhara;
Wira wa Bali, anayecheka kabla sentensi haijaisha;
Tuulikki, wa kaskazini kabisa ya Ufini,
jina nililolitafuna wiki mbili kama muwa mkavu,
naye akilitafuna langu, Mwantumu,
hadi tukasameheana.

Dokta Mbelwa alitupa kazi ya kwanza:
pangeni muda wa kukutana, wenyewe, bila mimi.
Nikadhani ni mzaha.
Nikaandika: saa mbili. Wote wakakubali.

Saa mbili usiku, isha imeshaswaliwa,
nimejifunga mtandio mpya wa zambarau,
nikafungua chumba. Kitupu.
Jina langu peke yake likinitazama.

Walikuja saa nane mchana.
Nilda alikatisha usingizi.
Walinisubiri robo tatu ya saa
nami nasonga bada na mama, sina habari.

Wakaniandikia kwa adabu. Adabu ile iliniuma kuliko tusi.
Mmoja alisema labda Afrika muda ni kitu kingine.
Simtaji. Aliomba radhi, na mimi nilikuwa nimeshajibu vibaya.

Ikabidi nieleze. Na kueleza kitu ulichozaliwa nacho
ni kama kutafuta mgongo wako kwa vioo viwili.
Niliandika, nikafuta, nikaandika:
Kwetu jua likishachomoza, saa ya kwanza ikipita, ndiyo saa moja.
Hatuanzi kuhesabu usiku wa manane,
walio macho ni mlinzi na mbu.
Sikuchelewa. Nilianzia kwingine.

Nikaona nimeshinda. Nikaagiza soda.

Kikao kilichofuata Tuulikki akauliza, bila kejeli,
nyuma yake dirisha la rangi ya wino, na ni adhuhuri:
Na mahali ambapo jua halichomozi wiki tano,
saa moja huanza lini?

Semboja aliacha kutoa kopi.
Nikatazama nje: baiskeli, lami inayotokota,
mtoto ameng'ata kona ya pakiti ya maziwa.
Miaka ishirini na mbili naitumia saa hii
na sijawahi kuiuliza kitu.

Usiku nilimwuliza mama.
"Maskini," akasema, "wanajuaje kuwa kumekucha?"
Akanyamaza, akachambua mchele.
"Labda mmoja huamka, akawaambia wenzake."

Nilimpelekea Tuulikki jibu hilo kama lilivyo.
Siku mbili kimya. Kisha:
Kwetu ni bibi. Hugonga birika la kahawa.

Muhula ukaisha. Cheti kikaja kwa barua pepe:
uzoefu wa kimataifa, muhuri wa buluu,
jina langu limepungua herufi moja.
Semboja alinitolea kopi ya rangi, bure.

Januari, saa saba mchana, mama anapakua,
simu ikatetemeka. Picha: theluji, misonobari,
na juu yake ukucha wa jua,
mwembamba kama ganda la chungwa.
Chini yake, kwa Kiswahili, maneno mawili:
Saa moja.

Kwa hesabu ni kumi na mbili. Sikumsahihisha.
Nikamwonyesha mama. Akatazama saa ya ukutani,
akatazama simu,
akafuta mkono kwenye kanga kabla ya kuishika.
"Haya," akasema, "kumekucha kwa watu,"
akaniongezea mchuzi.